Neno na Mtambo: Kazi ya Maktaba ya Sayansi za Afya katika Mafunzo ya Utabibu

Maktaba ya sayansi za afya iliyomo ndani ya chuo kikuu hutofautiana na maktaba nyingine kwa jambo moja kubwa: kosa la msomaji wake huweza kumfikia mgonjwa kitandani. Mwanafunzi wa historia akikosa kuiona makala moja, insha yake hupungua. Mwanafunzi wa utabibu akikosa kuiona makala moja, huenda akampa mtoto dawa ambayo imekwisha kuonekana kuwa ina madhara. Kwa sababu hiyo maktaba za namna hii hazikuwa na subira na vyombo vipya. Kompyuta, simu, visahani vya kuhifadhia maandishi, setilaiti, intaneti, na sasa programu zinazotunga majibu zenyewe, vyote vimeingia humo mapema, na kila kimoja kilipoingia kilisifiwa kwamba kitamwondolea msomaji taabu ya kutafuta.

Ukweli ni kwamba taabu hiyo haikuondoka, bali ilihama. Zamani ilikuwa katika mikono, ya kupekua kadi na kufunua majuzuu. Siku hizi imo katika neno ambalo mwulizaji analichagua. Mtambo wenye kasi kuliko yote huleta kile ulichoitwa kuleta, wala haujui kile mwulizaji alichokusudia. Kwa hiyo kazi ya maktaba hizi katika elimu, ikitazamwa vema, ni kazi ya lugha, na yafaa wataalamu wa lugha waijue, hasa wale wa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya wagonjwa wengi wa Afrika ya Mashariki lakini si lugha ya faharasa za utabibu.

Safari ya chombo

Habari za maktaba hizi haziwezi kuelezwa bila ya kumtaja John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, alikabidhiwa maktaba ya ofisi ya Mganga Mkuu wa jeshi mjini Washington, iliyokuwa imeanzishwa 1836. Billings aliikuza mpaka ikawa kubwa sana, lakini sifa yake si wingi wa vitabu alivyokusanya. Aliona kwamba elimu ya utabibu ilikuwa ikihama kutoka katika vitabu na kuingia katika majarida, na kwamba makala iliyomo katika jarida haionekani kwa kutazama mgongo wa juzuu. Mwaka 1879 yeye na Robert Fletcher walianza kutoa faharasa ya makala mpya iliyoitwa Index Medicus, na mwaka uliofuata likatoka juzuu la kwanza la orodha kubwa ya maktaba yenyewe.

Sheria ya mwaka 1956 iliifanya maktaba hiyo kuwa Maktaba ya Taifa ya Utabibu ya Marekani, na mwaka 1962 ikahamia Bethesda, katika jimbo la Maryland. Wakati huo makala zilikuwa zimezidi uwezo wa mikono. Mwezi wa Januari 1964 ulianza kazi mpango wa kompyuta ulioitwa MEDLARS, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kupanga na kupiga chapa Index Medicus kwa haraka zaidi. Lakini kilichokwisha kuwekwa katika utepe wa sumaku kiliweza pia kuulizwa. Daktari aliandika swali lake, likapelekwa kwa mtaalamu aliyeligeuza kuwa maneno ambayo mtambo unayafahamu, na jibu likarudi kwa posta baada ya wiki kadha.

Mwaka 1971 ukaja MEDLINE, ambao uliwawezesha wakutubi wa mahali mbalimbali kuuliza kwa njia ya simu na kujibiwa papo hapo. Katika miaka ya 1980 orodha ileile iliwekwa katika visahani, ikaweza kusomwa hata mahali ambapo simu haikutegemewa. Mwezi wa Juni 1997 ikafunguliwa kwa watu wote bila malipo katika intaneti kwa jina la PubMed. Index Medicus iliyopigwa chapa karatasini ilikoma mwishoni mwa 2004, kwa kuwa hapana aliyeihitaji tena. Hivyo katika miaka arobaini tu muda wa kungoja jibu ulishuka kutoka wiki hadi nukta chache, na mwulizaji akabadilika: badala ya mkutubi aliyefundishwa kuuliza, sasa ni mwanafunzi yeyote mwenye simu mkononi. Badiliko hili la pili ndilo kubwa zaidi, ingawa halitajwi sana.

Orodha ya maneno

Kitu kimoja kilidumu katika mabadiliko hayo yote, nacho ni orodha ya maneno. Mwaka 1960, kabla kompyuta haijaanza kazi, maktaba hiyo ilichapisha orodha ya vichwa vya mada za utabibu, ijulikanayo kwa kifupi cha MeSH. Mwanzoni ilikuwa na vichwa zaidi ya 4,000. Leo vimepita 30,000, na orodha husahihishwa kila mwaka. Kusudi lake ni rahisi kueleza: waandishi huliita jambo moja kwa majina mengi, na faharasa haina budi kuchagua jina moja na kuyaelekeza mengine yote kwake. Anayetafuta saratani huelekezwa kwenye neno la kitaalamu lenye asili ya Kiyunani, ambalo maana yake ni ukuaji mpya. Anayetumia jina la kale la homa ya mabwawani, au lile la Kifaransa, hufikishwa kwenye malaria.

Vichwa hivyo havikupangwa kwa alfabeti peke yake. Vimepangwa pia kama mti, shina likigawanyika katika matawi, na matawi katika vitanzu. Malaria ni kitanzu cha magonjwa yaletwayo na viumbe wenye seli moja. Malaria ya ubongo ni kitanzu cha malaria, na wakati huohuo hukaa katika tawi la magonjwa ya mfumo wa fahamu. Mtu akiuliza kwa kichwa cha juu, mtambo humletea na vilivyo chini yake. Huu ni uainishaji wa maana, wa namna ile ambayo mtunga kamusi anaifahamu: neno kuu, visawe vyake, maneno yaliyo mapana zaidi, na yaliyo finyu zaidi.

Kwa miaka mingi makala zilitiwa vichwa na wasomaji waliofunzwa, ambao waliipitia kila makala na kuamua inahusu nini. Tangu 2022 makala za MEDLINE hutiwa vichwa na programu, na wataalamu hukagua sehemu yake. Kazi imekuwa ya haraka zaidi. Swali la kama neno lililochaguliwa ndilo linalostahili limebaki palepale.

Ushahidi wa mapema

Kwamba kikwazo ni neno, wala si mtambo, kulithibitishwa zamani. F. W. Lancaster alipewa kazi ya kuupima mpango wa MEDLARS, na taarifa yake ilitoka mwaka 1968. Alichunguza maswali kama 300 yaliyoulizwa kwa kweli na wataalamu wa utabibu, akapima mambo mawili. La kwanza ni upataji, yaani kati ya makala zote zilizofaa na zilizokuwamo ndani ya hazina, ni ngapi zilizoletwa. La pili ni ulengaji, yaani kati ya makala zote zilizoletwa, ni ngapi zilizofaa. Kwa wastani upataji ulikuwa karibu 58 katika kila mia, na ulengaji karibu 50. Kwa maneno mengine, mwulizaji alikosa makala nne katika kila kumi alizozihitaji, na nusu ya alizopewa hazikumfaa.

Lancaster hakuishia hapo. Aliyafuata makosa moja moja mpaka kwenye chanzo chake. Karibu yote yalitokana na mambo manne: maneno ya orodha yasiyotofautisha vya kutosha, wasomaji waliotia vichwa pungufu, wakutubi waliolitunga swali vibaya, na waulizaji wenyewe ambao hawakusema waziwazi walichokitaka. Makosa ya kompyuta yenyewe yalikuwa machache mno. Tangu siku hizo wakutubi wa utabibu wamejua kwamba kununua mtambo mpya bila ya kumfundisha mtu kuuliza ni kama kumpa mtu jahazi jipya bila ya kumfundisha kusoma nyota.

Mkutubi kuwa mwalimu

Kutokana na ujuzi huo kazi ya mkutubi iligeuka. Mwaka 1971, Gertrude Lamb alianza katika Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City mpango wa kumtoa mkutubi katika maktaba na kumpeleka wadini, afuatane na madaktari na wanafunzi wanapowapitia wagonjwa. Mkutubi aliyasikia maswali yalipozaliwa, kabla hayajasahauliwa au kubadilishwa, akarudi na makala zinazohusu mgonjwa yuleyule. Desturi hiyo ilienea katika vyuo vingine.

Miaka ya 1990 ilipokuja mafundisho ya tiba inayofuata ushahidi, wakutubi walipewa sehemu rasmi katika mtaala. Jambo wanalofundisha kwanza si namna ya kubonyeza vitufe, bali namna ya kulivunja swali. Swali la tiba hugawanywa katika mafungu manne: mgonjwa ni nani na ana nini, anakusudiwa kufanyiwa nini, jambo hilo linalinganishwa na lipi, na matokeo yanayotazamiwa ni yapi. Kila fungu hutafutiwa vichwa vyake, na vichwa huunganishwa kwa viungo vitatu vya mantiki: NA, ambacho hupunguza, AU, ambacho huongeza, na SI, ambacho hutoa. Kiungo hiki cha tatu hutumiwa kwa hadhari, maana huweza kuondoa lililotakiwa pamoja na lisilotakiwa.

Mfano mmoja utaonyesha faida ya mafundisho haya. Mtoto mwenye malaria ya ubongo hupata degedege mara kwa mara, na degedege hilo huweza kumdhuru. Ni jambo la akili kufikiri kwamba akipewa mapema dawa ya kulizuia, mathalani fenobabitoni, atanufaika. Jambo hilo lilijaribiwa Kilifi, katika pwani ya Kenya, na matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2000. Watoto 340 waligawanywa kwa kura katika mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu moja lilipewa sindano moja ya dawa hiyo, na la pili sindano isiyo na dawa. Degedege lilipungua sana kwa waliopewa dawa, kama ilivyotarajiwa. Lakini katika fungu hilo walikufa watoto 30, na katika fungu la pili 14.

Mwanafunzi anayeuliza juu ya dawa na degedege tu ataona kwamba dawa inafaa. Anayeongeza fungu la nne la swali, na kuuliza pia juu ya vifo, ataona kwamba kipimo kile kilikuwa cha hatari. Hazina ni ileile, mtambo ni uleule, na kasi ni ileile. Tofauti imo katika swali. Hii ndiyo elimu ambayo maktaba huitoa, na ambayo hapana chombo kinachoitoa chenyewe.

Mwili katika kioo

Si maandishi peke yake yaliyopata vyombo vipya. Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Utabibu ilitoa picha za mwili mzima wa mwanamume aliyetoa maiti yake kwa sayansi, uliokatwa katika vipande vya unene wa milimita moja, na kila kipande kikapigwa picha. Mwaka 1995 zikafuata picha za mwili wa mwanamke, kwa vipande vyembamba zaidi, vya theluthi moja ya milimita. Kutokana na picha hizo ziliundwa programu ambazo kwazo mwanafunzi huufunua mwili katika kioo cha kompyuta, akaugeuza, akaondoa msuli na kuurudisha, jambo lisilowezekana kwa maiti halisi. Siku hizi baadhi ya maktaba za vyuo vya afya huwa na meza kubwa za kioo za kufundishia muundo wa mwili, miwani ya kumwingiza mwanafunzi katika chumba cha upasuaji kisichokuwapo, na mashine za kuchonga mfano wa mfupa kutoka katika picha za mgonjwa.

Hata hapa neno lina nafasi yake. Picha isiyo na majina haifundishi. Kila kiungo katika kioo sharti kiitwe, na kiitwe kwa jina lilelile ambalo vitabu vyote vinalitumia. Ndiyo maana wataalamu wa elimu hiyo walikubaliana juu ya orodha ya kimataifa ya majina ya viungo, kwa Kilatini na Kiingereza, iliyotolewa mwaka 1998. Kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ina neno moja, mshipa, kwa njia ya damu, kwa uzi wa fahamu, na hata kwa ugonjwa wa ngiri, somo la kwanza mbele ya kioo hicho ni kutenganisha maana kabla ya kutenganisha nyama.

Afrika ya Mashariki

Vyombo hivi viliwasili Afrika ya Mashariki kwa hatua. Chuo cha utabibu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963, kikawa Kitivo cha Utabibu cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili cha sayansi za afya, Muhimbili. Kwa sehemu kubwa ya muda huo dhiki ya maktaba za namna yake ilikuwa ni majarida: bei yake ilipanda, fedha za kigeni zikaadimika, na mfululizo ukakatika katikati ya juzuu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la SatelLife, ambalo Bernard Lown alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, lilitumia setilaiti ndogo iliyozunguka karibu na dunia kupeleka barua na habari za utabibu kwa madaktari wa nchi kadha za Afrika, zikiwamo Zambia, Kenya, Uganda na Tanzania. Setilaiti hiyo ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, na kwa dakika chache tu, ikapokea na kuacha ujumbe kama tarishi anayepita njia. Mwaka 1993 ilianza pia African Index Medicus, faharasa ya makala za utabibu za Afrika, ambazo nyingi hazimo katika faharasa za ng'ambo. Mwezi wa Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji sita wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, ambao ulizifungulia nchi maskini majarida kama 1,500 bila malipo au kwa malipo madogo, na idadi hiyo imeongezeka sana tangu hapo. Hatimaye, mwezi wa Julai 2009, waya wa kwanza wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti za mbali zenye gharama kubwa.

Hivyo ukuta wa bei na ukuta wa umbali umebomolewa kwa sehemu kubwa. Ukuta uliobaki ni wa lugha. Nchini Tanzania mwanafunzi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na husoma sekondari na chuo kikuu kwa Kiingereza. Akiwa wadini anasimama kati ya lugha tatu: Kiswahili cha mgonjwa, Kiingereza cha darasani, na lugha ya orodha, ambayo si Kiingereza cha mtu yeyote bali ni ya vichwa vilivyokubaliwa. Kila swali analouliza limevuka vivuko viwili kabla ya kuufikia mtambo, na katika kila kivuko huweza kudondoka kitu.

Homa na degedege

Neno homa ni mfano mwema. Kwa Kiswahili ni joto la mwili lililozidi, na tena ni jina la ugonjwa wowote unaoambatana na joto hilo: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Kiswahili kimeyakusanya magonjwa haya kwa dalili yake. Orodha ya vichwa imeyatawanya kwa chanzo chake na kwa kiungo kinachopatwa, moja katika tawi la vijidudu vya bakteria, jingine katika tawi la virusi, jingine katika tawi la ini. Hapana upande ulio na kosa. Lakini anayefasiri neno kwa neno, akauliza kwa jina la Kiingereza la joto la mwili, ataletewa dalili mahali alipotaka ugonjwa.

Degedege lina uzito zaidi. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Bagamoyo, na kuchapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakulihusisha degedege na malaria, bali walilihesabu kuwa ugonjwa mbali, wenye chanzo chake na waganga wake. Kwa hiyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Makala hizo za Bagamoyo hupatikana kwa kuandika neno degedege lenyewe, kwa sababu waandishi wake walilitia katika maandishi yao. Lakini makala ile ya Kilifi, iliyohusu watoto wa pwani hiyohiyo, haipatikani kwa neno hilo. Yapatikana kwa kichwa cha malaria ya ubongo kikiunganishwa na jina la dawa. Anayejua neno la mgonjwa peke yake ataona kwa nini mtoto alichelewa kufika hospitali, wala hataona dawa gani asipewe. Anayejua neno la orodha peke yake ataona dawa, wala hataona kwa nini mtoto alichelewa. Anayemhudumia mtoto huyo ahitaji yote mawili.

Wala isidhaniwe kwamba orodha hiyo imefungwa kwa maneno ya Afrika. Kwashakoo, jina la utapiamlo wa watoto, lilitoka katika lugha ya Kiga ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana; daktari Cicely Williams alilichukua kwa mama wa huko na kulitia katika maandishi ya utabibu mwaka 1935, nalo limo katika orodha. Chikungunya, ambayo vitabu vingi vimekosea kuiita neno la Kiswahili, ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Lilianza kujulikana kwa sababu ya ugonjwa uliozuka katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini ya Tanganyika, miaka ya 1952 na 1953. O'nyong-nyong ni jina la Kiacholi la ugonjwa uliotokea Uganda mwaka 1959. Katika kila moja ya mifano hii neno liliingia kwa kuwa daktari alilisikiliza, akaliandika, akalieleza maana.

Pale ambapo jina halikupatikana, hasara ilionekana. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, aliyewahudumia wenye kifafa huko Mahenge, aliwaona watoto ambao vichwa vyao viliinama na kuinuka kama wanaosinzia, na akalieleza jambo hilo. Hali kama hiyo ilitangazwa tena Sudan ya Kusini katika miaka ya 1990, na kaskazini ya Uganda baada yake. Kwa muda mrefu halikuwapo jina moja la kuzikusanya habari hizo mahali pamoja, na habari isiyo na jina la pamoja hukaa katika hazina kama vile haimo.

Programu zinazojibu

Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea programu ambazo haziorodheshi makala bali hutunga jibu zima, kwa lugha iliyonyooka, hata kwa Kiswahili. Huenda ikadhaniwa kwamba sasa orodha ya maneno imekwisha kazi yake, kwa kuwa mwanafunzi aweza kuuliza kwa maneno yake mwenyewe. Kuna faida ya kweli: programu hizi hupendekeza visawe ambavyo mwulizaji hakuvikumbuka, na humsaidia kuligeuza swali la Kiswahili kuwa vichwa vya orodha.

Lakini hatari nayo ni ya namna mpya. Hazina ya zamani ilipokosa jibu ilinyamaza, na ukimya wake ulionekana. Programu inayotunga hainyamazi. Imeonekana mara nyingi kutaja makala zisizokuwapo, zenye majina ya waandishi na miaka, zilizoungwa kwa ufasaha mpaka msomaji asishuku. Tena programu hizo zimejifunza zaidi kutoka katika maandishi ya lugha zilizoandikwa kwa wingi, na maandishi ya utabibu kwa Kiswahili ni machache. Kwa hiyo maktaba zimeongeza somo jingine: kila makala inayotajwa itafutwe katika faharasa, ifunguliwe, na isomwe, kabla haijategemewa. Ufasaha si ushahidi.

Kazi iliyobaki

Orodha ya vichwa vya utabibu imekwisha kufasiriwa katika lugha nyingi, zikiwamo Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kichina na Kijapani. Kiswahili hakimo. Mfano unaofaa kutazamwa ni wa Amerika ya Kusini, ambako kituo cha BIREME mjini São Paulo kiliunda mwaka 1986 orodha ya Kireno na Kihispania. Wataalamu wake hawakufasiri tu. Waliongeza matawi yao wenyewe, likiwamo la afya ya jamii, kwa mambo ambayo orodha ya asili haikuyapa nafasi ya kutosha.

Kiswahili hakianzi mikono mitupu. Kazi ya kusanifu istilahi ina historia ndefu tangu kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Lakini kamusi na orodha ya vichwa ni vitu viwili. Kamusi humwambia msomaji neno hili maana yake nini. Orodha humwambia aende wapi. Kamusi huweza kuandika kwamba degedege ni ugonjwa wa watoto wa kukakamaa na kutetemeka. Orodha haina budi kulielekeza neno hilo kwenye mtukutiko wa homa, kwenye malaria ya ubongo, na kwenye kifafa, na kueleza ni lini linakwenda wapi. Kwa kazi hii mkutubi peke yake hatoshi, maana hajui mipaka ya neno. Mwanaisimu peke yake hatoshi, maana hajui mipaka ya ugonjwa. Na daktari peke yake hatoshi, maana amezoea kulisahau neno la mgonjwa mara amwandikiapo dawa.

Si lazima kuanza na vichwa 30,000. Yatosha kuanza na majina ya magonjwa na dalili ambayo wagonjwa huyataja kila siku katika zahanati za pwani na za bara, kila moja likiandikwa pamoja na mahali linapotumika, tofauti zake za lahaja, na kichwa au vichwa vinavyolielekea. Orodha ya namna hiyo ingewafaa wanafunzi wanaouliza kwa vidole, ingewafaa wakutubi wanaowafundisha, na ingezifaa hata programu zinazotunga majibu, ambazo hazina pa kujifunzia maana za Kiswahili ila katika yale ambayo wenye Kiswahili wameyaandika. Vyombo vingine vitakuja baada ya hivi, na kila kimoja kitabeba tu maneno kilichopewa.